Mahindi Tuliyopanda Vumbini

Nilizaliwa Chawia, mlimani, ambako ukungu hulala juu ya mashamba hadi jua likiwa limepanda sana. Kule hakuna anayepanda kabla ya ardhi kulowa. Mama yangu alikuwa akizamisha kidole udongoni, na akikuta unyevu ndipo tunashika majembe. Kwa hivyo nilipofundishwa kanisani kwamba Mungu ana wakati wake, sikupata taabu kuelewa. Kungoja nilikuwa nimekuzoea tangu utotoni.

Taabu ilianza tulipohamia nyika, nje kidogo ya Voi. Watu wengi wa kwetu wana shamba la juu na shamba la chini, na mume wangu alipostaafu ualimu tukajenga kwenye lile la chini. Miaka michache baadaye Bwana alimwita. Nikabaki na mke wa mwanangu pamoja na watoto wao wawili. Mwanangu mwenyewe anafanya kazi Mombasa, huja mwisho wa mwezi.

Niliendelea kulima nyikani kwa desturi ya mlimani. Nilingoja mvua ya kwanza, nikangoja na ya pili ili niwe na hakika, ndipo nikapanda. Mahindi yalipokuwa yakitoa mbelewele, mvua ilikuwa imeshakwenda zake. Misimu miwili tulivuna mabua ya kulisha mbuzi.

Mwaka uliofuata, vuli ikikaribia, tulikuwa tumebaki na mbegu ya kupanda mara moja tu. Ni mahindi yetu ya zamani, mafupi, yanayokomaa upesi, na siku hizi huyapati sokoni. Ikiharibika hiyo, chakula cha msimu kimekwenda, na mbegu yenyewe imekwisha nyumbani kwetu.

Niliposema tutangoja mvua, mke wa mwanangu aliweka chai mezani, akakaa. Yeye ni mtoto wa nyika, wazazi wake ni Wakamba wakulima, wala si msemaji sana. Akanieleza kwamba kwao hupanda udongo ukiwa mkavu, kabla ya tone la kwanza.

"Mama, mvua ya huku haikai," alisema. "Ikija, itukute tumeshamaliza."

Nikamwambia kuitupa mbegu ya mwisho vumbini ni kumjaribu Mungu. Alizungusha kikombe chake kidogo.

"Na kungoja mpaka tuone maji, Mama, hiyo nayo ni imani?"

Niliyachukua maneno yale katika maombi. Sijawahi kusikia sauti kutoka mbinguni, wala siku hizo sikuisikia. Mimi huongozwa polepole, kama mtu anayepapasa njia ndani ya ukungu, na Mungu hajaniacha niangukie shimoni. Kilichonijia mara kwa mara ni kwamba nilikuwa naomba nionyeshwe namna ya kulima nyika, na tayari alikuwapo chini ya paa langu mtu aliyezaliwa akiijua. Mungu alikuwa amenijibu kabla sijauliza, siku ile mwanangu alipooa.

Tukapanda. Yeye alichimba, mimi nikadondosha mbegu na kufukia kwa mguu, na vumbi likatuingia puani hadi tukawa tunapiga chafya kwa zamu. Jirani yetu mmoja, mama wa mlimani kama mimi, alisimama kwenye ua akatutazama.

"Mama Mwalimu, mnapanda mahindi au mnalisha kwale?"

"Tunalisha wote," mke wa mwanangu akamjibu bila kuinua kichwa. "Hata wewe, ukipita wakati wa mavuno."

Kisha tukakaa na jua. Kutoka uani kwetu niliona mawingu yakiifunika milima, na dada yangu akanipigia simu kutoka Chawia kusema kwao kumelowa. Kwetu hata jani halikutikisika. Kwale walikuja kweli, wakaparura mistari ya pembeni. Alasiri moja nilipokuwa peke yangu shambani niliinama, nikafukua kwa kidole. Mbegu ilikuwa nzima, ngumu, kavu vilevile. Nikasikia mtu nyuma yangu.

"Mama," mke wa mwanangu alisema, "si umeshamkabidhi Mungu? Sasa mbona unamfukulia?"

Nilicheka hadi nikaketi pale pale chini. Nikaifukia ile mbegu, na tangu siku hiyo sikufukua nyingine. Siwezi kusema nilijua mvua itanyesha. Nilijua mimi ni wa nani. Kama mbegu ingeharibika, Yeye angebaki kuwa Baba, nasi tungebaki watoto wake wenye njaa, tukimwomba njia nyingine. Kwa wazo hilo nililala vizuri.

Mvua ilikuja wakati wa kutoka shule. Watoto walifika wameloa chapachapa, viatu mkononi, na ilinyesha hadi mabati yakatuzuia kusikilizana. Ilikata mapema, kama alivyosema mke wa mwanangu, lakini mahindi yalikuwa yameshabeba. Tulikula tukashiba, na mbegu tukabakiza.

Hata hivyo, ninaloshukuru zaidi ni asubuhi ile machipukizi yalipotoka. Hayakutoka yote. Palikuwa na mapengo walipopita kwale, nasi tukaja na kunde za kuyaziba. Jirani yetu alipita na jembe begani, akienda kuanza kupanda. Alitazama mistari yetu kwa muda, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama msimu ujao tungemwita siku ya kupanda. Nikamwambia tutamwita.

Alipokwenda nilisema tumshukuru Mungu kwanza kabla ya kazi. Nikafumba macho nikaanza, na maombi ya wazee hayana haraka. Nilipofumbua, mke wa mwanangu alikuwa ameitikia amina yake zamani na ameinama na jembe, maana magugu nayo yalikuwa yameipata mvua ileile.