Samaki wa Ijumaa na Gugu la Ziwani

Waliosema sitaweza walikuwa wengi, na wote walikuwa jamaa zangu au majirani wa Kaloleni, mtaa wetu wa mjini kando ya ziwa. Nilikuwa nimerudi kutoka India na diploma ya ununuzi na ugavi, ya kwanza mtaani kwetu, na badala ya kutafuta meza ofisini nikatangaza kwamba nitapeleka samaki kila Ijumaa katika shule ya bweni ya wasichana, juu kule milima ya Nandi.

Shemeji yangu, fundi wa baiskeli, alisema mbele ya watu, "Bwana Diploma, samaki hajui kusoma. Ataoza kabla hujamaliza kuandika risiti."

Nilipeleka miaka sita bila kukosa. Nilikuwa na mvuvi mmoja niliyemwamini, ufuo mmoja karibu na mji, sanduku la barafu na pikapu ya kukodi. Ndivyo nilivyofundishwa: watu wakipungua njiani, hasara nayo hupungua. Mpishi mkuu wa shule, mama mkali mwenye roho safi, alikuwa ameandika kwenye mkataba "ngege wabichi," yaani perege wa ziwani, na kwamba nikikosa Ijumaa moja tu, kazi atapewa mwingine. Mkataba huo ndio uliolipa kodi ya nyumba na karo ya wanangu watatu.

Kisha, katikati ya miaka ya tisini, gugu maji likafunga ziwa. Jumatano moja asubuhi nilikuta ufuo umekuwa kijani kitupu, ungedhani unaweza kusimamisha magoli hapo juu watu wacheze mpira. Mvuvi wangu nilimwona upande wa pili, amesimama ndani ya mashua, ananipungia mkono. Alipopata njia ya kutoka jioni, samaki walikuwa wa kutupa.

Nilikwenda kwa jirani yetu, mama muuza samaki. Nilimkuta anaparua magamba kama siku nyingine yoyote.

"Mama, hawa umewatoa wapi leo?"

Alicheka mpaka akaweka kisu chini. "Kwani wewe una ufuo mmoja tu? Na kusoma kote huko?"

"Gugu limefunga."

"Limefunga hapa. Linatembea na upepo hilo, Baba. Mimi nina dada kila ufuo, mpaka Port Victoria. Huyu akikwama, yule ananitumia kwa basi."

"Kutoka Port Victoria barafu itayeyuka."

"Nani ametaja barafu? Si wanakaushwa kwa moshi?"

Sikukaa na hasira ya kuchekwa. Alhamisi nilipanda milimani na samaki wake mmoja wa moshi ndani ya gazeti, nikamwomba mpishi ampike kwa nyanya na vitunguu. Alimwonja kwa vidole.

"Huyu si mbichi."

"Si mbichi, Mama. Lakini yuko hapa, na kesho ni Ijumaa."

Alimla mpaka mifupa. Hapo ndipo diploma ilipofanya kazi yake: nilichukua mkataba, tukafuta neno "wabichi," nikaandika kwa mkono wangu, "wabichi, wa moshi, au omena," hao dagaa wakavu. Kila mtu sasa anajidai alijua hivyo. Wa kwanza kuandika nilikuwa mimi. Kesho yake wasichana walikula samaki wa moshi waliotumwa kwa basi na dada za jirani yangu.

Vifaa vya kubebea samaki wa fuo hizo zote niliviazima, maana pesa ilikuwa imeisha kwenye barafu. Mama muuza samaki alinipa matenga manne. Mzee mmoja muuza maji alinipa mkokoteni wake wa akiba. Shemeji alitoa baiskeli mbili, akinung'unika. Mvua zilipoleta mafuriko Ahero, njiani kwenda milimani, na barabara kukatika, baiskeli hizo ndizo zilizovusha omena kwenye tope hadi gari lililokuwa likingoja ng'ambo. Wasichana walikula saa nane badala ya saa saba. Hiyo ndiyo hasara yote.

Mwaka uliofuata nilipita kwa walioniazima, wote, siku moja. Mzee alipata mkokoteni wake na magurudumu mapya. Shemeji alizungusha pedali za baiskeli zake, akasikiliza, akakosa la kulaumu. Kwa Mama nilifika mwisho, na matenga manne mapya, kwa kuwa yake yalikuwa yamechakaa barabarani. Aliyageuza moja moja, akavuta vishikio.

"Sasa huna deni langu," alisema. "Utakuwa unakuja kufanya nini?"

"Kesho nataka omena gunia mbili, Mama."

"Basi uje mapema," akasema, akanisogezea kigoda.