Ukuta wa Vester Tidwell

Vester Tidwell alikuwa amejenga maelfu ya nyumba, na hakuna hata moja aliyowahi kulala ndani yake. Kiwandani kwao, kaskazini mwa Alabama, nyumba huzaliwa na magurudumu. Fremu ya chuma kwanza, sakafu juu yake, zulia linatandikwa kabla ya kuta kusimama, winchi inashusha paa, basi. Lori linavuta nusu moja, lori jingine nusu ya pili, zikaunganishwe huko ziendako. Zikifika zimepinda, shauri ya barabara.

Kiwanda kilikuwa na desturi moja tamu kama asali: nyumba nne kwa siku, zikiisha nendeni zenu. Hata saa saba mchana. Basi ungewaona watu wazima wenye vitambi wakikimbia na bunduki za misumari kama wanafukuzwa na nyuki, maana kambare walikuwa wanangoja mtoni.

Vester alipewa kuta za madirisha: apachike fremu, azibe kingo kwa silikoni maji yasipenye, afunike kwa mbao za jasi. Kuziba kingo kunakula muda, na jasi ikishafunika, nani ataona? Mkaguzi mwenyewe alikuwa akikagua huku anatembea, tena mwendo wa kwenda kula. Kwa hiyo Vester aliruka kingo alizoweza kuruka, na kwa kuwa alijiona mcheshi, alichukua penseli akaandika kwenye ubao wa ndani, kabla ya kufunika: "Atakayelala humu, pole." Chini yake jina lake na tarehe. Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Miaka kumi na tisa alirudia kichekesho hicho hicho, na wao, masikini, miaka kumi na tisa wakacheka.

Aprili kikaja kimbunga kikaichukua nyumba ya Maudine, mkewe, ile ya mbao aliyojenga babu yake kwa mikono yake. Wakahamia kwenye gari la kambi la shemeji, kijumba chembamba cha magurudumu, ambamo Maudine na magoti yake mabovu hakuweza kugeuka bila kugonga jiko. Alivumilia mwezi mzima. Kisha akamwambia mumewe kwamba anataka nyumba isiyovuja, basi, hataki maua wala nakshi.

Vester akaagiza nyumba kiwandani kwake, halafu jasho likamtoka. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa alijiuliza nani atalala humo. Akamfuata Grissom, msimamizi, akamsihi amwambie ipi itakuwa yake. Grissom hakuinua hata macho.

"Zote ni za mtu, Vester. Nenda kajenge."

Sasa mtu afanyeje? Hajui ipi yake, basi itabidi zote ziwe zake. Vester akaanza kuziba kila kingo, skrubu kila shibiri, anapitisha kidole, anarudia. Saa saba ikageuka saa kumi. Kambare wakanenepa kwa amani. Wenzake wakamnunia, na Delbert Moody, aliyekuwa akikata mbao kando yake, akamwuliza mbele ya watu, "Bwana Vester, hiyo ni nyumba au unamchongea mama yako jeneza?" Vester akapitisha kidole tena. Wiki tatu alijenga kuta ambazo zingemzuia Nuhu asilowe.

Nyumba ikaletwa, nusu mbili zikaunganishwa, Maudine akaoka mkate wa mahindi kwenye jiko ambalo halikumgonga goti. Vester alitembea sebuleni akipigapiga kuta kwa kiganja kama mfugaji na ng'ombe wake.

Jumapili, walipotoka kanisani, mvua ikanyesha. Chini ya dirisha la chumba cha kulala zulia likalowa, likaanza kulia chini ya viatu. Vester akachukua kisu, akaikata jasi huku akilaani. Kingo za dirisha zilikuwa tupu kabisa, hazijaonja hata tone la silikoni.

"Mjinga gani kafanya kazi hii?" alifoka.

Maudine akavaa miwani yake, akainama taratibu kwa sababu ya magoti, akasoma kwenye ubao kwa sauti, neno kwa neno. Akasoma na jina. Akasoma na tarehe: kumi na mbili Februari.

Nyumba hiyo ilikuwa imekaa uani nyuma ya kiwanda tangu majira ya baridi, muuzaji mmoja aliikataa, na Grissom hakuona sababu ya kujenga nyingine. Zile za wiki tatu zilikwenda kwa watu wasiomjua, na wanalala pakavu mpaka leo.

Maudine alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni lake la kanisani. Akaenda kitandani, akauacha mto wake, akarudi na wa mumewe, akautupa juu ya zulia lililolowa, chini ya dirisha.

"Pole nimeipokea," alisema. "Sasa lala wewe humu."