Kicheko Katikati ya Sala

Harufu ya mchele mpya unapochemka hunisimamisha pale pale mpaka leo. Wenzangu hudhani ni njaa. Acheni niwaambie.

Nilikuwa na miaka kama minane, tukikaa Kabambare. Baba na mama walikuwa wametoka kwenye misheni ya mapadri kando ya ziwa, walikobatizwa na kuoana, na katika mtaa mzima wa Waislamu, Wakristo tulikuwa sisi peke yetu. Baba alijua kusali, jamani! Majirani nyuma ya ua wa matete walikuwa wameshasali, wamekula, wameosha na sahani, sisi bado tunamshukuru Mungu, mchuzi umeganda. Mimi nilikuwa nikichungulia nyama kati ya vidole. Hata hivyo nilijivunia baba yangu kupita kiasi.

Adhuhuri moja mama alipika mchele wa kwanza wa shamba letu. Baba akapiga magoti, akaanza: tunakushukuru, Bwana, kwa kutotufanya kama wale wateka watumwa waliochoma vijiji na kufunga watu kamba.

Mama akacheka.

Kicheko kimoja, kifupi, katikati ya sala! Nikangoja baba amgombeze. Baba akasema kwa sauti nisiyoijua:

"Mungu, niko naongopa. Ni mimi nilikuwa na bunduki. Huyu mama, ni mimi nilimufunga kamba. Nikamutwika pembe ya tembo, nikasema mutoto wake abakie mu njia."

Mtoto? Mtoto gani? Siku zote nilikuwa nimeambiwa kwamba wote wawili walitekwa, na kwamba mimi ndiye kifungua mimba. Nilimtazama baba, nikaiogopa mikono yake, mikono ile ile iliyonibeba.

"Baba Anna," mama akasema, upawa bado mkononi, "mwambie na jina ya mutoto."

"Sijue jina yake."

"Basi uniulize."

Akamgeukia kwa magoti yale yale, akamwuliza. Mama akalitaja, Kalume, na baba akalirudia kwa Mungu huku akilia kama mtu aliyefiwa asubuhi hiyo. Wali ule haukuliwa.

Nilimchukia mama kwa muda mrefu kwa kumvunjia baba sala yake nzuri. Nimezeeka ndipo nikaelewa kwamba siku ile, kwa mara ya kwanza nyumbani kwetu, mtu alisali.