Maji ya Kuchemshia Ndizi

Kwetu Kagera mtu anaweza kushiba ugali mpaka akashindwa kuinuka, na bado akakwambia hajala, kwa sababu ndizi haikuwepo. Mume wangu, Msukuma wa ugali na dagaa, amenitania kwa hilo tangu tuoane. Figo zangu zilipokufa nikaanza kusafishwa damu kwa mashine, na kitu cha kwanza nilichokatazwa kilikuwa ndizi. Yakafuata maharage, parachichi, maziwa na hao dagaa wenyewe. Maji ya kunywa nayo yakawa ya kupimiwa kwenye kikombe. Kuishi Mwanza, kando ya ziwa, na kiu ni kejeli. Nilifika mahali sitaki hata kuliangalia lile ziwa.

Mama aliposikia alipanda meli na mikungu yake, akafika kwetu Buhongwa, hapa Mwanza. Nikamwamkia shikamoo, akasahau hata kuitikia. Alinishika mkono, akaupapasa mifupa, akamgeukia mume wangu.

"Baba, mwanangu ana njaa huyu."

Mume wangu hajibishani na mkwe. Alimpeleka hospitali kwa mtaalamu wa lishe, binti mpole, naye akamweleza taratibu. Ndizi zikatwe vipande vidogo, zilowekwe, zichemshwe kwa maji mengi, maji yale yaondolewe, kisha zipikwe upya kwa maji mengine. Nile kidogo, na si kila siku. Mama alirudi amechangamka, maana alikuwa amepata ruhusa.

Na alifuata yote. Ndizi zilikuja zimepauka, hazina ladha yoyote, nami nikazila huku machozi yananitoka kwa raha. Asubuhi aliniletea uji. Ule uji ulikuwa mtamu ajabu. Nikajisemea, mkono wa mama ni mkono wa mama, nikaumaliza.

Siku moja bajaji imeshafika mlangoni kunipeleka hospitali, miguu ikagoma. Si kwamba iliuma, haikuwepo tu. Moyo ulikuwa unapiga, unanyamaza, unapiga tena. Mume wangu alinibeba. Hospitali wakaniwahisha kwenye mashine, na daktari akawa anauliza swali lile lile: amekula nini huyu?

Mume wangu akaapa kwamba tunafuata masharti. Mama alikuwa amesimama miguuni pa kitanda.

"Ndizi nazichemsha, maji nayaondoa, kama alivyosema yule binti," alisema. "Yale maji ndiyo nampikia uji. Nguvu yote ya ndizi imo mle. Ningeimwagaje, na mtoto hana nguvu?"

Mimi nilimwelewa kabisa. Nilipojifungua mwanangu, ni mama huyu huyu aliyeninywesha mchuzi wa ndizi mpaka nikasimama. Nesi akamwambia kwa upole, "Bibi, madini yanayomdhuru ndiyo hayo yaliyotoka kwenye ndizi yakaingia kwenye maji."

Mama akauliza, "Kwa hiyo ni mimi?"

Nesi akageuka kunirekebishia mpira wa hewa puani.

Nilipona, kama kwa mgonjwa wa aina yangu kuna kupona. Mama hakurudi Kagera, ila jikoni hakuingia tena. Anafua, anafagia, anachambua mchele, lakini sufuria haigusi. Nilimbembeleza, nikamkasirikia, mimi nina mdomo. "Mama, nipikie hata ugali mtupu. Yale yamekwisha."

"Yamekwisha, mwanangu," anasema, anatoka nje kuanika nguo.

Juzi nilirudi kutoka mashineni nimechoka, hata kichwa siwezi kuinua. Mume wangu alinilaza kwenye kochi akaenda Nyamagana kazini. Saa ya dawa ikafika. Nikamwomba mama maji kidogo, nimezee.

Alileta kikombe. Akasimama nacho, anayatazama maji yaliyomo.

"Kiasi gani?"

"Nusu, mama. Hata hayo yanatosha."

Aliyapunguza, akayatazama tena. Kisha akakiweka kikombe juu ya kabati, mbali na mimi.

"Mwenzio akija atapima," alisema.

Akaketi karibu na kichwa changu, mikono ameificha ndani ya kanga. Nilikuwa na kiu mpaka ulimi umekauka, na kidonge kiganjani. Tukakaa hivyo, mimi na mwanamke aliyeninyonyesha, tukimsubiri mume wangu aje anipe maji.