Msumari Mahali pa Fyuzi

Alhamisi nilipigiwa simu kwamba fundi wetu wa sola wa Mweiga ametuacha; presha, walisema. Nikasema pole. Jambo la pili kunijia kichwani, Mungu anisamehe, lilikuwa betri yangu. Siku moja kabla fyuzi ilikuwa imekatika, naye akaniambia nisiguse kitu, atakuja Jumamosi.

Alikuwa na sababu ya kunikataza. Mnaosoma safu hii mnajua kwangu mimi kwenda Nyeri mjini ni kama kuhama. Mwaka jana fyuzi ilipokatika mara tatu kwa wiki, niliona uvivu kutafuta nyingine, nikapachika msumari. Taa zikawaka. Nikajisifu kwa mke wangu, akanitazama vile anavyotazama viazi vilivyoanza kuota. Fundi alipopita kunywa chai, alishika waya wa betri, akaondoa mkono upesi. Ulikuwa moto kama sufuria, na nyuma ya ukuta wa mbao ulipopita ndiko kuliko kitanda cha mama yangu.

"Mzee, hii msumari yako inaweza katika?"

"Haiwezi, fundi," nikajibu kwa fahari.

"Ati haiwezi. Kazi ya fyuzi ni kufa mbele ya waya. Hii yako itangoja nyumba itangulie."

Akaweka fyuzi halisi shubiri moja kutoka kwenye betri. Mimi niliitaka karibu na mlango nisiiname. Alisema betri ikipata njia humwaga nguvu zake zote kwa mkupuo, na waya ulio kabla ya fyuzi hauna mlinzi. Tena ukubwa wa fyuzi hufuata unene wa waya, si wingi wa runinga zetu. Siku hizi kila boma lina betri, na sote tunachukia kile kinachotuzima. Hata fundi mwenyewe: daktari alimwambia apumzike, akasema ana mapaa mawili ya kufunga sola Timau.

Jumamosi imepita. Tangu aiweke fyuzi ile nilikuwa nimeongeza friji kwenye waya uleule, na mezani kuna fyuzi kubwa aliyoniletea jirani kwa huruma. Ingeingia vizuri sana. Mama ameuliza mara mbili kwa nini tunatumia koroboi. Nimemwambia tunaomboleza, na si uongo. Kitu kikikatika, uliza kwanza kilikuwa kinakukinga na nini. Kesho naenda mjini kutafuta fundi na waya mnene. Mke wangu tayari ameshika koti langu mlangoni, haamini kwamba nitaenda.