Siku Damu Yangu Ilipopasuka Mbele ya Baba Mkwe

Hii aibu ningeizika, ila Zaituni mchumba wangu ameshaisimulia nusu ya Gitega, basi bora mnisikie mwenyewe.

Kazi yangu iko maabara, na tunatumia chembe hai za damu kama lenzi: chembe moja nyekundu, ikiwa nzima ndani ya maji ya chumvi, inapitisha mwanga na kuchora picha ya herufi iliyowekwa chini yake (chekeni tu, ndiyo inayonilisha). Chembe ikiwa na kasoro, picha inapinda, unajua kuna ugonjwa.

Siku ya maonyesho nikamwalika baba yake Zaituni, fundi cherehani, ambaye alikuwa bado hajajibu posa yangu. Nikavaa koti jeupe, nikajichoma kidole mbele za watu, nikatangaza kwa mbwembwe: "Damu ya mtu mwenye afya picha yake imenyooka, na ikipinda ni ugonjwa. Tazameni yangu!" Kumbe maji ya chumvi yameisha, na kutengeneza mengine ni kupanda ghorofa mbili, nami mvivu (najijua), nikasema moyoni maji ni maji, nikadondosha ya kunywa kutoka chupa yangu.

Mana yanjye, Mungu wangu! Kwenye skrini ile herufi ikavimba, ikapinda, kisha chembe zikapasuka moja moja na picha ikapotea kabisa. Mama mmoja wa mstari wa mbele akasema, "Pole, mwanangu. Hospitali umeshaenda?"

Baba mkwe akasogea, akashusha miwani. "Hii damu ni yako?"

"Ndiyo, baba."

"Na umesema ikipinda ni ugonjwa."

Nikinyamaza, nimejitangaza mgonjwa na posa imekufa, basi nikaropoka: "Mimi mzima, baba! Nimeona uvivu kupanda ngazi, nikaweka maji ya kunywa, ndiyo yamezipasua!"

Akanitazama juu mpaka chini kama ananipima suti. "Ungekuwa mgonjwa ningekuuguza. Uvivu nitauuguza na nini?"

Ukumbi ukaangua kicheko, Zaituni wa kwanza (msaliti yule!).

Posa amekuja kuikubali, kwa sharti: kila Jumamosi niko kwenye cherehani yake nashona vifungo, na kinacholegea anakikata mbele ya wateja, naanza upya. Maji ya kunywa kwenye damu? Sirudii tena, wallahi. Siku hizi zile ngazi nazipanda mbio.