Pumzi za Mzamiaji

Kaka yangu alikuwa mzamiaji wa kamba mawe kule Koyama, na wazamiaji wa kwetu wana ugonjwa mmoja usio na dawa: ukimwambia mmoja wao unamhesabia pumzi, anadhani ni mashindano.

Kwa hiyo siku niliyompeleka hospitali Kismayo, ana homa na kifua kinamchoma, nusura arudishwe kisiwani akafie huko. Daktari aliyetupokea alikuwa binti mgeni kutoka Muqdisho, mpole, kalamu tatu mfukoni. Akatoa saa. "Kaka, tulia, nahesabu pumzi zako."

Basi tena. Kaka akanyoosha mgongo, akajizuia kama yuko chini ya maji pima saba.

"Kumi na mbili," daktari akasema, karibu ampongeze. "Vidonge, na apumzike. Boti yenu inaondoka saa ngapi?"

Mimi mchuuzi. Kila kitu nahesabu mara mbili, na mara ya pili mwenye mali awe hatazami. Nje kwenye benchi, kaka akigombea kivuli na mtu, nilipata thelathini na nne. Nikarudia: thelathini na sita. Nikamrudisha kaka ndani, nikamwambia daktari.

Kaka akanikata jicho, “mtu” ikimtoka kwa lafudhi ya kisiwani. "Mchu huyu! Hata samaki waliokufa anawahesabu, wasije wakamtoroka."

Daktari mkuu, mzee mfupi aliyekuwa akisikiliza mlangoni, akavuta kiti akamshika kaka mkono kama anayepima mapigo. "Kamba mkubwa uliyewahi kumtoa, alikuwa kiasi gani?"

Kaka akaanza kudanganya. Kila maneno matatu anakata kuvuta hewa, pua zinatanuka. Macho ya mzee yalikuwa kifuani.

Akamsukumia binti daftari. "Andika kwanza unachodhani, na kwa nini. Picha ya kifua baadaye."

Daftari lile lilikuwa na miandiko ya kila daktari aliyepitia pale: alichoona, alichodhani, na mwisho ilikuwa nini. Mzee alitaka kujua jicho la daktari linakomaa wapi. Lake mwenyewe lilikomaa wapi, alisema, hakumbuki.

Binti akaandika: pumzi kumi na mbili, kisha thelathini na sita; nimonia, pafu la kulia. "Na ile kumi na mbili, niifute?"

"Ukiifuta, mwenzio ataikosea upya." Akanigeukia. "Wewe ulijuaje?"

Nikamweleza habari ya mwenye mali kutotazama. Akaiandika nayo. Siri ya biashara yangu, imeondoka bure.

Picha ikakubaliana na binti. Kaka akachomwa sindano siku tisa, mbili za mwanzo hana lingine kwangu. "Umeniuza," ndiyo salamu yake.

Asubuhi ya kuruhusiwa, binti akaja, akamshika mkono. "Kaka, yule kamba wako, hivi alifika hapa au hapa?"

Kamba alikuwa amekua tangu wiki iliyopita. Kaka akamsimulia mwanzo hadi mwisho, bila kukata.

"Mapigo mazuri," akasema binti, macho hayajatoka kifuani.

Mimi nilipata kumi na sita. Nikarudia. Kisha nikachungulia alichoandika binti daftarini: kumi na sita.